Spana Zisizofungamana na Upande Wowote

Kwenye sanduku la fundi wa Toyota, awe wa Gerezani au wa Tandale, spana namba 13 ndiyo huwa mpya kuliko zote. Namba 10 imeshafutika maandishi. Namba 12 na 14 zimeng'aa midomoni kwa kusuguana na vichwa vya bolti. Namba 17 mara nyingi ilishapotea ikanunuliwa nyingine. 13 imekaa tu, kama mgeni asiyeambiwa karibu. Sababu ni ndogo: kwenye magari yao, Wajapani waliipa bolti nene ya milimita 8 kichwa cha milimita 12, wakati Wajerumani na karibu Ulaya nzima waliipa kichwa cha 13. Ukitaka kujua gereji inalishwa na viwanda vya nchi gani, huna haja ya kumuuliza mwenye gereji. Angalia spana ipi imechakaa.

Nasoma shahada ya umahiri katika historia, na ndugu wakiniuliza naandika juu ya nini, najibu "bolti". Wengine wanadhani nazungumzia teksi za mtandaoni. Wengine wanacheka kwa heshima, kisha wanauliza kama nitapata kazi. Siwalaumu. Historia tuliyofundishwa sekondari ilikuwa ya mikataba, vita na hotuba, na ikigusa chuma, ilikuwa chuma cha reli kikiwa tayari kimeshalazwa chini. Aliyekuja kukaza nati baada ya mvua ya kwanza hakuwa na sura yake kwenye kitabu.

Lakini lugha yetu ilishaweka kumbukumbu bila kuombwa. Kamusi zina neno *parafujo*, ambalo ni *parafuso* la Wareno lililobadilishwa kidogo kinywani. Limetoka njia moja na *bomba* na *meza*. Kisha likaja *skrubu* la Waingereza, pamoja na *nati*, *spana*, *jeki*, *bolti*. Zile mistari zinazozunguka mwili wa bolti kamusi inaziita *hesi*, ingawa mafundi ninaowafahamu wanasema *tredi*. Maneno mawili kwa kitu kimoja, parafujo na skrubu, ni himaya mbili zilizopita pwani hii kwa nyakati tofauti, kila moja na sanduku lake la vyuma.

Na kabla ya zote mbili, pwani ilikuwa na jibu lake kuhusu chuma na chumvi: usivikutanishe. Mtepe, chombo cha mwambao wa Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti vya mbao. Mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, yule wa *Periplus*, anaeleza kwamba bandari iliyoitwa Rhapta, mahali fulani kwenye mwambao wa Tanzania ya leo, ilipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Yaani mji wa kwanza wa pwani yetu kutajwa kwenye maandishi umetajwa kwa namna watu wake walivyounganisha vitu. Kamba ikioza unashona tena. Haigandi.

Bolti inaganda. Na ili ielewe kwa nini bolti fulani imegandia chini ya gari fulani Dar es Salaam, nimejikuta nikienda mbali kuliko nilivyotarajia.

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ya Uingereza ilikata hesi zake. Bolti ya karakana hii haikuingia kwenye nati ya karakana ile, na ukizichanganya umeharibu kazi. Henry Maudslay, huko London, alikuwa ameunda mashine ya kukata hesi kwa usahihi kati ya 1797 na 1800, lakini usahihi wa mtu mmoja si makubaliano. Aliyeleta makubaliano ni Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Mwaka 1841 akapendekeza mbele ya taasisi ya wahandisi ujenzi kwamba pembe ya hesi iwe digrii 55, na idadi ya hesi kwa inchi ifuate unene wa bolti. Kampuni za reli zilikubali, na reli zilipokubali wengine wote walifuata. Mwaka 1864, Philadelphia, William Sellers akasema digrii 55 ni ngumu kutengeneza na kukagua; Marekani itumie 60. Mwaka 1898 nchi za Ulaya zilizotumia mita zilikutana Zürich zikachagua 60 pia, ila kwa milimita.

Tofauti ni digrii tano. Macho hayaioni. Nati inaanza kuingia, inazunguka mara mbili, kisha inakaza mahali ambapo hapakustahili kukaza, na mwenye nguvu akiongeza nguvu anakata hesi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza na Marekani zilikuwa jeshi moja lenye nati za aina mbili. Ndiyo maana Novemba 1948 zilikaa Washington pamoja na Kanada na kutia saini kiwango cha pamoja cha hesi, kwa inchi na digrii 60. Nimewahi kusoma kurasa nyingi kuhusu diplomasia ya mwaka ule wa 1948, Berlin na Palestina, bila kukutana hata mara moja na mkutano huu ulioingia mpaka kwenye magurudumu ya watu.

Huku kwetu gari lilifika likiwa tayari na matatizo ya vipuri. Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akitaka kulivuka bara mpaka Swakopmund. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21 kwa safari moja. Vitabu vya namna ile humtaja dereva. Wanaume waliolisukuma, kulivuta mitoni na kulibeba vipandevipande hutajwa kwa wingi wao, kama hali ya hewa.

Waingereza wakachukua nchi kutoka kwa Wajerumani, na milimita zikapisha inchi. Kwa bahati, reli zao zilikuwa na upana mmoja wa mita 1, kwa hiyo mabehewa hayakugombana. Gari lililoizunguka nchi baadaye, hata vijijini, lilikuwa Landrover, iliyoanza kuuzwa 1948, mwaka uleule wa mkutano wa Washington. Matokeo yake ni kichekesho cha kihandisi: Landrover za zamani zina bolti za Whitworth, bolti nyingine za Kiingereza zenye hesi laini, na zile za kiwango kipya cha pamoja, zote kwenye gari moja. Tena spana za Whitworth haziandikwi upana wa mdomo wake. Zinaandikwa unene wa bolti. Spana iliyoandikwa robo inchi ina mdomo unaokaribia nusu inchi. Fundi aliyejifunza kazi kwa kuangalia mikono ya mwenzake, bila kitabu, aliyabeba yote hayo kichwani.

Baada ya uhuru ndipo sanduku lilipojaa kweli. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia ikabanwa, malori ya Fiat ya Italia yalianza kusomba mafuta na shaba kwenye barabara ya kwenda kusini, iliyokuwa vumbi na tope. Wachina walikuja na TAZARA, ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, ikiwa na upana wa milimita 1,067. Haikulingana na Reli ya Kati, na pale Kidatu mpaka leo mizigo lazima ihamishwe. Scania za Sweden ziliunganishwa Kibaha. Leyland Albion za Uingereza nazo zilikuwa barabarani. Mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati ambayo watu wa Dar waliyaita kumbakumba, yalikuwa ya UDA.

Mwalimu Nyerere alizungumza sana kuhusu kutofungamana na upande wowote. Wanafunzi wenzangu wanaitafuta sera hiyo kwenye hotuba za Umoja wa Mataifa. Mimi naiona kwenye karakana ya shirika la umma ya mwaka 1975: spana za inchi za Whitworth, spana za inchi za Kimarekani, spana za milimita za Waitaliano, Waswidi, Wahungaria na Wachina, zote kwenye meza moja, na mtu mmoja anayejua ipi ni ya lori lipi. Kila msaada uliopokelewa kwa mkono wa kulia ulikuja na namba zake za spana. Kutofungamana kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa mkononi.

Si ajabu kwamba spana ya kurekebishwa mdomo, ile inayoweza kushika nati yoyote, ilipendwa sana na kudharauliwa sana kwa wakati mmoja. Muundo wake tunaoujua ulisajiliwa na Mswidi Johan Petter Johansson mwaka 1892. Gereji za Tanzania zikaiita *spana malaya*. Jina hilo silitetei; linasema zaidi kuhusu wanaume waliolitunga kuliko kuhusu chombo. Ila linaonyesha mafundi walivyofikiri. Fundi wa kweli alitakiwa kuwa na spana halisi ya kila nati, na asiyekuwa nayo alionekana anabahatisha, maana mdomo unaolegea unakula pembe za nati, na nati isiyo na pembe ndiyo mwanzo wa safari ndefu.

Kisha miaka ya shida ikaingia. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni yenyewe ilikuwa ya kupangia foleni. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Mwaka huohuo daladala zikaruhusiwa rasmi, kwa sababu UDA ilishindwa kusomba watu. Magari ya *chai maharage*, ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wako kwenye benchi za hoteli, yalitembea kwa vipuri ambavyo havikuwahi kuagizwa na mtu yeyote. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* cha mwaka 2021, anaitazama Tanzania kama mahali ambapo teknolojia ya gari ilitengenezwa, na si kupokelewa tu, na gereji za mitaani zina nafasi kubwa katika hoja hiyo. Nakubaliana naye, kwa nyongeza moja: kipindi cha uhaba kiliunda maadili ya kazi, na maadili hayo yalihusu zaidi kufungua kuliko kufunga. Kufunga kunahitaji bolti. Kama bolti ni hiyohiyo iliyomo, basi ustadi wote uko kwenye kuitoa ikiwa nzima.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baada ya 1986 milango ikafunguka zaidi. Gari lililoingia kwa wingi safari hii halikuwa la mfadhili. Lilikuwa gari la mtu fulani wa Japani aliyelichoka. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo, na wengi huona afadhali wauze. Usukani uko kulia kama wetu. Ndani ya miaka kama ishirini, inchi zikawa habari za wazee, na sanduku la spana likapungua likawa 10, 12, 14, 17, 19.

Hapa ndipo chumvi inaporudi, na hapa ndipo mimi binafsi nilipoacha kuona bolti kama mfano mzuri tu wa tasnifu.

Kaskazini mwa Japani, madereva wa majira ya baridi walitumia matairi yenye misumari midogo ili yashike barafu. Misumari ilikwangua lami, lami ikawa vumbi, na mji wa Sendai ukajulikana kwa vumbi hilo kiasi kwamba wakazi walipaza sauti. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria dhidi ya matairi hayo. Hewa ikawa safi. Lakini barafu isiyokwanguliwa inateleza, kwa hiyo barabara zikamwagiwa chumvi zaidi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu chini ya gari, ikakaa kwenye kila upenyo. Wakazi wa mji mmoja walitetea mapafu yao, kwa haki kabisa, na sehemu ya deni ikapakiwa melini.

Gari la mjomba wangu ni Mark II, GX110, la wakati ule Toyota ilipolitengeneza kwa ajili ya soko la nyumbani kwake, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si lake. Ni la tajiri, na mjomba analiendesha teksi na kupeleka hesabu kila jioni. Mwaka jana tairi za nyuma zilianza kuliwa upande wa ndani. Alinunua mbili, zikaliwa. Akipiga breki ghafla gari linavuta pembeni, na abiria mmoja alishuka njiani akasema atapanda jingine. Tajiri akamwambia kwamba tairi nyingine hanunui, na kuna kijana anaulizia gari.

Kwenye alaimenti walimpa jibu la sentensi moja: kamu haizunguki. Mikono ya chini ya nyuma ya gari lile inashikwa na bolti yenye kamu, kisahani ambacho tundu lake halipo katikati. Ukiizungusha, mkono unasogea kidogo na tairi linanyooka. Bolti hiyo inapita ndani ya bushi, na bushi ni mpira wenye bomba dogo la chuma ndani yake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikiota kati ya bolti na lile bomba, pasipo nafasi ya kutanuka, inavibana vikawa kitu kimoja. Nati inafunguka vizuri tu. Bolti yenyewe ukiizungusha inakubali, unafurahi, ukiachia inarudi, kwa sababu kilichozunguka ni mpira.

"Hiyo inakutania," fundi alituambia siku ya kwanza, akiwa chali chini ya gari.

Ni mzee wa miaka sitini hivi, anayefanya kazi chini ya mwarobaini, upande wa Ilala. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kwenye tairi lililolala, na nilikaa hapo siku tatu. Siku ya kwanza alimwagia dizeli na mafuta ya taa, akaigonga kichwa kwa nyundo, mapigo mafupi ya kutikisa, si ya kuvunja. Akaikaza kidogo kabla ya kuirudisha, kwa sababu kutu wakati mwingine hukatika kwa kukazwa. Akaingiza paipu kwenye mkono wa spana kuongeza urefu, akavuta, akasikiliza. Akaacha. "Ikikatikia humo ndani tutalia," akasema. Siku ya pili alirudia yaleyale.

Mjomba alivumilia mpaka saa nane mchana. "Fundi, si uichome tu kwa gesi? Dakika tano."

"Dakika tano ndiyo. Na tangi la petroli liko wapi?"

Mjomba hakujibu. Alikuwa anahesabu siku, na kila siku ilikuwa na bei.

Jioni ile nilimuuliza fundi alijifunzia wapi. Alianza mwaka 1982, akiwa msaidizi kwenye karakana ya shirika la umma mkoani, akipakua magurudumu ya Leyland na Fiat. "Mwanangu, kukata bolti ilikuwa kesi," alisema. "Unaitwa ofisini, unaandika maelezo. Nyingine itatoka wapi?" Akanieleza juu ya bolti moja waliyoiloweka siku nne, wakipokezana kuigonga asubuhi na jioni, na mkuu wa karakana alikuja kuitazama kila siku kama mgonjwa. Ilitoka. Bado aliijua ilikuwa ya gurudumu gani.

Nilidhani anajiandaa kuniambia kwamba atafanya vivyo hivyo. Nilitaka afanye hivyo; ingenifaa kwenye sura ya tatu. Asubuhi ya siku ya tatu alimtuma kijana wake dukani kwa bushi mpya, na kwa wauza vipuri vya mtumba kutafuta bolti na kamu ya gari la aina ileile. Kisha akatoa wembe wa msumeno wa chuma, bila fremu, maana fremu haikupenya, akaufunga kitambaa upande mmoja, akaanza kukata kati ya mkono na kishikizo chake. Grainda alikuwa nayo. Aliiacha kwa sababu ya cheche.

"Zamani usingekata," nikasema.

"Zamani bolti ilikuwa ghali, siku ilikuwa rahisi," akajibu bila kusimama. "Huyu anadaiwa siku."

Alitumia wembe tatu na karibu saa mbili na nusu, wakipokezana na kijana. Upande wa pili ulipokatika, mkono ulianguka kwenye tofali walilotegesha. Ndani ya bushi kilibaki kipande cha bolti, na pale kilipokatwa chuma kilikuwa kinang'aa katikati na rangi ya kahawa pembeni, pete ya kutu isiyozidi unene wa kadi ya simu.

Bolti ya mtumba aliipaka grisi mwili mzima, akaipitisha kwa vidole, akafunga nati kwa mkono, akaacha hapo. Mjomba akataka kujua kwa nini hakazi. Fundi akamweleza kwamba ukikaza gari likiwa limening'inia juu ya jeki, mpira unaganda ukiwa umejipinda, na gari likishuka mpira unavutwa mchana na usiku mpaka upasuke. Akatoa jeki, gari likakaa kwenye magurudumu yake, akatuambia mimi na mjomba tukae kwenye buti. Tukakaa. Akaingia chini na kukaza.

Kesho yake kwenye alaimenti kijana aliizungusha kamu kwa spana fupi, akitazama kioo cha mashine badala ya mkono wake. Ilimchukua kama dakika kumi. Mjomba alilipa, akaenda moja kwa moja kijiweni, akiwa na tairi mbili ambazo tayari zilikuwa zimeliwa upande mmoja na hesabu ya siku nne ambayo tajiri hakuisamehe.